Elimu ya Wajumbe katika "Kusadikika"

Wanafunzi wengi wasomapo "Kusadikika", kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951, hushika majina ya wajumbe sita na pande walizotumwa, wakadhani wamekwisha kukielewa. Majina hayo yafaa kujulikana. Lakini jambo kubwa la hadithi liko mahali pengine, nalo ni namna habari iliyoletwa na mtu mmoja igeukavyo kuwa elimu ya watu wengi.

Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini walikwenda, kila mmoja safari yake, wakaona desturi za nchi nyingine. Walipata taabu, wakavumilia, na waliporudi wakaeleza waliyoyaona. Malipo yao yalikuwa kifungo. Kwa nini? Si kwa kuwa walisema uongo. Kila mmoja alisimama peke yake mbele ya wakubwa waliokwisha kukata shauri, wala hapakuwa na wa kumtetea. Ujuzi wao ukafungwa pamoja nao.

Sasa mtazameni Karama. Majivuno amemshtaki kwa kosa la kufundisha uanasheria, na katika kujitetea Karama asimulia safari zile zile ambazo wakubwa walikwisha kuzikataa. Basi ameongeza nini? Ameziweka pamoja. Safari ya kwanza yasikika kando ya ya pili, na ya pili kando ya ya tatu, tena mbele ya umati na mbele ya mshtaki aliye tayari kupinga. Waliozitupa habari hizo moja moja hawana budi kuzipima zote kwa jumla, na mfalme mwenyewe anageuka, hata wafungwa wanafunguliwa. Hapo ndipo nionapo ubora wa kitabu, kuliko katika maelezo ya nchi zile za ajabu ambayo husifiwa mno.

Hata hivyo kina upungufu. Karama husema sana na huulizwa kidogo. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha katika Tanganyika chini ya utawala wa Waingereza, na alijua vema amri isiyojibiwa ilivyo. Yamkini ndiyo sababu alimpa mshtakiwa wake muda mrefu hivi. Lakini raia, ambao sheria mbaya huwaumiza wao kwanza, wamebaki wasikilizaji tu. Mimi ningependa kumsikia japo mkulima mmoja akimkatiza Karama kwa swali.