Mstari wa Chini wa Andalio

Sehemu ya juu ya andalio la somo hujazwa kwa mbwembwe: tarehe, kipindi, waliosajiliwa, waliohudhuria, zana, rejea. Chini kabisa, mkono ukiwa umeshachoka, ndipo panapokaa tathmini na maoni. Hapo walimu wengi tunaandika: “Somo limeeleweka vizuri.” Nimeiandika sentensi hiyo kwa miaka. Wiki za ukaguzi niliiandika hata kabla sijaingia darasani.

Kisha nikafundisha kujumlisha sehemu, Darasa la Tano. Nusu jumlisha theluthi. Nikaonyesha ubaoni, nikauliza kama tumeelewana, wakaitikia “Ndiyo, mwalimu!” mpaka mabati yakatetemeka. Kwenye madaftari, zaidi ya nusu yao walikuwa na mbili ya tano: kiasi kimejumlishwa na kiasi, asili na asili. Nilikaa nikiitazama ile mbili ya tano. Ni ndogo kuliko nusu tuliyoanza nayo! Mtoto kaongezewa ugali, sahani ikapungua, na hakuna aliyeshtuka, mimi nikiwa wa kwanza.

Siku hiyo niliandika: “Wamejumlisha asili. Nilitanguliza kanuni, hawakuwa na kitu mkononi. Kesho: karatasi, vipande sita.”

Kesho yake kila mmoja alikunja karatasi vipande sita sawa, akapaka rangi vitatu, kisha viwili. Tano ya sita ikaonekana kwa macho. Si wote walioiona. Wawili walikunja vipande vinane, na hilo nalo likaandikwa.

Tangu hapo najiuliza matatu: kumetokea nini, mimi nilifanya nini, kesho nibadili nini. La pili ndilo linalouma. “Wanafunzi ni wazito” ni lawama iliyovaa joho la tathmini. Donald Schön, katika kitabu chake The Reflective Practitioner cha 1983, alitofautisha tafakuri ya katikati ya kazi na tafakuri ya kazi ikishapita. Mbele ya watoto themanini ile ya kwanza huja ikipenda. Ya pili naishika mwenyewe, dakika tano, kabla sijanawa chaki. Nikishafika nyumbani, somo lote huwa limeshageuka zuri.

Mwaka uliofuata, azimio la kazi lilipofika kwenye sehemu, nilifungua daftari langu la zamani la maandalio kabla ya kitabu cha kiada. Nikamwita kiranja, nikamtuma ofisini akaniletee magazeti yaliyokwisha kusomwa.