Ripita Hairudishi Muda

Watu huona kompyuta zinazungumza. Aliyezipimia nyaya hawamwoni. Mimi namsifu huyo aliyepima, hasa afanyaye kazi mahali kama Kpandroma, kwenye nyanda za juu za Djugu, mashariki mwa Kongo, ambako kebo ikipelea mara nyingi hakuna budi kushuka hadi mji wa Bunia kutafuta nyingine.

Ufundi wake unaanzia kwenye muda. Ethaneti ya kwanza, mtandao wa kompyuta uliobuniwa na Robert Metcalfe na David Boggs huko Xerox mwaka 1973, iliziweka mashine zote kwenye waya mmoja. Mbili zikituma kwa pamoja, ujumbe hugongana, na kila moja sharti itambue mgongano huo kabla haijamaliza kutuma. Ethaneti ilipofikia kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, fremu (kifurushi cha ujumbe) ndogo kabisa, ya baiti 64, huisha kwa mikrosekunde 51.2. Katika muda huo ishara iwe imefika mwisho wa mtandao, na habari ya mgongano iwe imerudi. Ndipo ikawekwa kanuni ya 5-4-3: vipande vitano vya kebo, ripita nne, na vipande vitatu tu vyenye kompyuta.

Ripita huirudishia ishara nguvu, lakini muda hairudishi. Yenyewe hula muda kidogo. Aliyetaka kutibu kila umbali kwa kuongeza ripita aliishia na mtandao unaopoteza ujumbe, asijue unapotelea wapi.

Leo swichi, zilizochukua nafasi ya waya mmoja wa pamoja, zimeondoa migongano, ila kikomo cha mita 100 za waya wa shaba kimebaki, kwa kuwa ishara hufifia: 90 za ukutani, 10 za kuunganishia vifaa. Fundi mzuri hakadirii kwa jicho toka mlango hadi mlango. Huifuata njia yenyewe ya waya: apande ukuta, avuke dari, azunguke nguzo, ashuke, kisha aache akiba ya kubania kichwa kipya. Kwenye kichwa hicho hafumui jozi za nyaya kupita milimita 13. Kati ya jengo na jengo hutandika faiba, yaani nyuzi za kioo, maana kioo hakipitishi umeme, na mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani.

Wewe unayejenga shule, zahanati au ofisi, mwite fundi huyu kabla ukuta haujapigwa lipu, na siku ya kupima umlipe sawa na siku ya kuvuta waya.