Ngoma Ilipokimbilia Jiko la Chipsi

Watu walicheka sana usiku ule wa tamasha la sanaa la mtaa, kando ya bahari. Sindimba ilikuwa imekolea, mara ngoma kuu ikaanza kulia kama debe lililofunikwa blanketi. Fundi mitambo akapandisha sauti. Maiki ikapiga mluzi, watoto wakaziba masikio. Mpigaji akaikumbatia ngoma yake, akakimbilia jiko la muuza chipsi na kuanza kuipasha. Wachezaji hawakukubali kusimama: walimfuata, wakacheza wakilizunguka jiko.

Vituko hivyo vina sababu, na kimoja kilizaa kingine.

Chanzo ni ngozi. Ngoma zilipashwa saa kumi na moja jioni, kisha hotuba zikaendelea hadi saa mbili usiku. Ngozi ya mnyama hunyonya unyevu wa hewa, ikalegea, na mlio ukashuka. Mkazo wake ukipungua hadi robo, mitikisiko kwa sekunde hupungua hadi nusu. Ngoma za bendi, jukwaa lilelile, hazikudhurika kwa sababu zimewambwa plastiki, iliyoenea tangu miaka ya 1950, nayo hainyonyi maji.

Kupandisha sauti hakuwezi kuikaza ngozi. Maiki ilikaa mbele ya spika, ikanasa sauti yake na kuirudisha kwenye amplifaya, ikakuzwa tena na tena hadi ikawa mluzi. Maiki ilipaswa kusogezwa karibu na ngozi: umbali ukipungua kwa nusu, nguvu ya sauti inayoifikia huongezeka takriban mara nne. Nazo spika zitangulie mbele ya maiki zote, zielekee kwa watazamaji.

Aliyetibu ugonjwa wenyewe ni mpigaji. Hata hivyo, moto wa dharura una hatari zake, maana ngozi iliyokauka kupita kiasi hupasuka. Ndiyo maana mafundi huizungusha mbali kidogo na mwali, wakiigonga na kuisikiliza.

Bajeti za matamasha yetu hutaja jenereta, spika na taa. Moto wa ngoma nao uandikwe. Uwashwe nyuma ya jukwaa, mahali ambapo upepo utapeleka moshi mbali na watu; awepo wa kuulinda, na ndoo za mchanga karibu. Ngoma zipashwe hotuba zikiisha, na seti ya pili ibaki motoni wakati ya kwanza inapigwa. Gitaa hupewa umeme bila kuomba. Ngoma nayo ina haki ya kupewa moto wake.