Stesheni Mpya na Matenga ya Shangazi

Mtu akitoka Kariakoo kwa miguu, akashika Mtaa wa Msimbazi kuelekea Gerezani, atafika mahali ambapo mji wote unanukia reli. Sisi tuliokulia huko hatukuhitaji saa ya ukutani. Honi ya garimoshi ilitosha. Leo, si mbali na hapo, limesimama jumba la stesheni ya reli ya kisasa, lenye umbo la kuigiza jiwe la tanzanite. Nimelitazama mara nyingi, na nimesafiri kutoka humo. Naomba niseme niliyoyaona, mazuri na mapungufu.

Kwanza sifa, maana asiyeshukuru kwa kidogo hashukuru kwa kikubwa, na hiki si kidogo. Safari za abiria za Morogoro zilianza tarehe 14 Juni 2024, na za Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo huo. Treni inaendeshwa kwa umeme na imesanifiwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Safari ya Dodoma iliyokuwa ikila usiku mzima sasa huisha kabla magazeti hayajaisha kusomwa.

Wapo wanaoililia treni ya zamani kana kwamba ilikuwa pepo. La hasha! Daraja la tatu tulibanana kama dagaa, watoto wakalala sakafuni, na saa ya kufika aliijua Mungu. Tena haifai kusahau Igandu, tarehe 24 Juni 2002, ambapo treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani ikagongana na treni ya mizigo, wakafa watu 281. Anayesifu ya kale na awakumbuke hao pia.

Hata hivyo, treni ile ilikuwa na jambo moja ambalo jumba la vioo haliwezi kulifunza. Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati hapa Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilomita kama 1,250. Hawakuijenga kwa ajili yetu. Waliijenga wapate kutawala na kuchukua mali. Lakini wananchi waliifanya yao, stesheni kwa stesheni. Saranda ikawa ni kuku, Tabora ikawa ni asali, Kigoma ikawa ni mawese na migebuka. Msafiri aliyelala akiamka aliweza kujua alipo kwa harufu tu.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wa walioifanya reli hiyo yao. Kwa miaka mingi alikwenda Kilosa na kurudi na matenga ya ndizi, akauza Kariakoo, akasomesha watoto wanne. Majuzi nilimwamkia, nikamwuliza kama amekwisha kupanda treni mpya.

"Nimepanda, baba. Raha tupu, wala sikuchoka," akanijibu. Kisha akanyamaza kidogo. "Ila nilikwenda kama mgeni. Ndizi zangu zilikuja kwa lori."

Maneno hayo yamenikaa moyoni. Treni yenye viti safi na mzigo wa kupimwa kwa kilo ina haki ya kukataa tenga linalochuruzika utomvu; mimi mwenyewe nisingependa linidondokee. Lakini mwenye ndizi akilipa nauli yake, kisha akalipa na lori, faida yake imekwenda wapi? Mwendo wa treni umemwokolea saa nyingi, na lori limemla hizo senti alizozitafuta kwa saa hizo.

Ndiyo sababu naona tunakosea tunapoipima huduma hii kwa dakika peke yake. Dakika ni kipimo cha mwenye mkoba. Mwenye tenga ana kipimo chake: je, naweza kutoka Kilosa na mali yangu, nikafika nayo sokoni, nikabakiwa na kitu? Siku jibu litakapokuwa ndiyo, nitalisifu jumba lile bila ya kusitasita.

Shangazi hana kinyongo. Aliponisindikiza mlangoni aliniambia kwamba hata ile ya Mjerumani haikuwa yetu mwanzoni. "Tuliizoea, nayo ikatuzoea," akasema. Kwa kuzoea sisi, sina wasiwasi. Nusu ya pili ya sentensi yake ndiyo ninayoingojea.