Neno "Pleasure" Katika Mizani ya Maneno Yetu

Ndugu msomaji, yako maneno ya kigeni yatujiayo na uso mkunjufu, kumbe yamebeba mizigo mbalimbali. Miongoni mwao ni neno la Kiingereza "pleasure". Mwanafunzi hufundishwa kuwa maana yake ni raha, naye akatosheka. Leo twataka kulitia neno hili katika mizani, na tumechagua kulipimia mbali na pwani yetu: Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa.

Kwa nini Sumbawanga? Kwa sababu huko lugha tatu hukutana. Kifipa ni lugha ya nyumbani na shambani. Kiswahili ni cha sokoni na barazani. Kiingereza ni cha shule ya sekondari na vitabu vya sheria. Kifipa na Kiswahili ni ndugu, na hufahamiana upesi. Jina lenyewe la mji ni la Kifipa, na maana yake ni "tupa uchawi". Mtu wa pwani, ambaye naye huwaita wachawi "wanga", hahitaji maelezo marefu. Kiingereza hakina udugu huo. Kila neno lake lataka kuulizwa: wewe hapa wakusudia nini?

Tutazame kwanza hazina yetu. "Raha" na "starehe" zimetoka katika shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kupumzika. Ndiyo maana mtu akitaka kuinuka kwa ajili yako humwambia "Starehe!", yaani tulia, usijisumbue. "Ladha" ni ya ulimi. "Furaha" ni ya moyo. "Anasa" ni raha iliyopita haja, na masikio yetu huipokea kwa tahadhari. Ama "radhi", hilo ni jambo jingine kabisa. Ni moyo wa mtu kuridhika na mwenziwe, na ndani yake mna msamaha. Mtoto hutafuta radhi za wazazi. Aliyekosea husema "niwie radhi". Na katika Sura ya Tawba, aya ya 72, baada ya kutajwa mabustani na maskani mema waliyoahidiwa Waumini, radhi za Mwenyezi Mungu zimetajwa kuwa ni kubwa zaidi.

Mwingereza huweza kulisimamisha neno moja "pleasure" mahali pa mengi katika hayo. Utamu wa samaki ni "pleasure". Tamaa ya mwili pia ni "pleasure". Na ukimshukuru hukujibu "my pleasure", wala hapo hatangazi raha yoyote, bali ni adabu tu, kama sisi tusemavyo "si kitu". Kitenzi "enjoy" nacho ni vivyo hivyo. Hutumika kwa mtu anayefurahia chakula, na hutumika kwa mtu mwenye haki yake kisheria, hata kama hajafurahi siku moja. Hatusemi kuwa hilo ni kosa la Kiingereza. Kila lugha ina desturi yake, na mwenye lugha huelewa. Lawama ni ya mfasiri mvivu, akutaye neno moja huko akaleta neno moja huku pasi na kupima.

Hasara ya uvivu huo tunayo tayari. Neno "starehe", lililokuwa la utulivu na heshima, leo tumelipeleka ulevini. Tukisikia "kumbi za starehe" twafahamu baa na muziki wa usiku. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi iko mahakamani.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ambayo asili yake ni sheria ya kikoloni ya mwaka 1930, yasema katika kifungu cha 26 kuwa aliyekuwa na umri chini ya miaka 18 alipotenda kosa hahukumiwi kifo. Badala yake huzuiliwa "during the President's pleasure". Maneno haya ni ya urithi. Huko Uingereza sheria ya watoto ya mwaka 1908 iliagiza mtoto wa namna hiyo azuiliwe kwa "pleasure" ya Mfalme. Hapa neno halina raha wala furaha. Maana yake ni utashi wa mtawala.

Sasa mfikirie mzazi kutoka Nkasi au Kalambo, amekaa katika Mahakama Kuu, Kanda ya Sumbawanga, na mwanawe yuko kizimbani. Akiambiwa kijana atazuiliwa "kwa raha ya Rais", atadhani ni dhihaka. Akiambiwa "kwa radhi za Rais", atadhani mwanawe amesamehewa, kwani radhi ni mlango wa msamaha. Ukweli ni kwamba hukumu hiyo haina hesabu ya miaka. Basi na aambiwe waziwazi: "Atazuiliwa mpaka Rais atakapoamua vinginevyo." Maneno hayo ni machungu, lakini mzazi atajua alilo nalo, na atajua aende kuomba kwa nani.

Wala jambo hili si la Ufipa peke yake. Kenya nayo ilirithi maneno hayo hayo, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya huko ilitamka kuwa kifungo cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Kwetu Tanzania, mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hiyo ni neema, lakini neema huja na amana. Kuondoa Kiingereza na kuweka Kiswahili kisichofahamika ni kubadili kufuli tu, na mlango ungali umefungwa.

Basi enyi walimu, wafasiri na wazazi, mkikutana na "pleasure" msikimbilie neno la kwanza. Ulizeni: ni ya ulimi, ya moyo, ya mwili, ya adabu, au ni ya mwenye mamlaka? Na ulizeni pia ni nani afurahiye, na ni nani alipaye. Atakayejibu maswali hayo kwa uaminifu hatakosa neno katika Kiswahili.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kusema lililo sawa. Amin.