Mtoro na Muumini: Imani Nje ya Uzio wa Misheni

Kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa (1934), kimekwisha kukatiwa hukumu na wahakiki. Kwa wengi wao ni maandishi ya shukrani: mwana wa mtumwa anamsifu Mwingereza aliyemkomboa babake na kumpa makao Freretown, kijiji kilichoanzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875 huko Kisauni, bara mkabala na kisiwa cha Mvita. Hukumu hiyo si ya uongo. Hata hivyo, imewashughulisha wasomaji na siasa ya kitabu hata suala lake la kidini likaachwa kana kwamba halina utata. Katika ulimwengu anaousawiri Mbotela, je, mtu aweza kuwa na imani pasipo kuwa wa misheni?

Matini yenyewe haitoi nafasi ya kuuliza. Uhuru, elimu na ubatizo hufika pamoja, kwa mkono mmoja na mahali pamoja. Kichwa cha kitabu kinaashiria vivyo hivyo: ni uhuru wanaopewa watu wangali wakiitwa watumwa, na mtendaji yuko nje yao. Anayejikomboa kwa miguu yake mwenyewe, yaani mtoro, hana nafasi ya kishujaa katika mpango huo.

Ilhali pwani ileile ilikuwa na kisa cha namna nyingine. Katika miaka ya 1870, huko Godoma, Wagiriama kadhaa walikusanyika kumzunguka Abe Ngoa, mwenzao aliyepata mafundisho ya Kikristo Rabai. Walisali bila ya mmisionari kukaa kati yao. Kutokana na kundi hilo kilizuka kijiji cha Fuladoyo, katika nchi ya Giriama, kikiongozwa na David Koi. Nacho kikawa kimbilio la watoro waliozihama nyumba na mashamba ya mabwana wa pwani. Mwaka 1880 mabwana hao walipotishia kuishambulia Freretown, misheni ilijikuta ikilazimika kuwakana watoro. Fuladoyo haikuwakana. David Koi aliuawa mwaka 1883.

Hapa lugha ya Kiswahili inamsaidia mhakiki kuliko nadharia nyingi za kigeni. Neno imani lina pande mbili: kusadiki, na kuwa na huruma. Anayemfukuza mgeni usiku wa mvua huambiwa hana imani, hata kama haachi sala. Freretown, kwa shinikizo la kisiasa, ilitenga pande hizo mbili. Ilishika ya kwanza kwa sheria na ratiba, ikaiweka ya pili chini ya masharti ya usalama. Watu wa Fuladoyo hawakuzitenganisha. Kwao kumpokea mtoro kulikuwa sehemu ya kuamini, si hisani iliyoongezwa baadaye. (Inafaa kukumbuka kwamba huruma hiyo haikuzimika misheni pia: mwaka 1888 watoro walikutwa kwa wingi katika vituo vyenyewe, na Januari 1, 1889, zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru huko Rabai baada ya mabwana kulipwa fidia.)

Ipo hatari ya kumfanya David Koi mwasi wa kanisa ili apendeze macho ya uhakiki wa leo. Usomaji huo ni mwepesi mno. Wakristo wa Godoma na Fuladoyo walitaka ubatizo, na uhusiano wao na Rabai haukukatika. Walichokikosa, na wakaweza kuishi bila hicho, ni uzio: msimamizi na kibali cha nani aingie. Neno kanisa, ambalo kwa Kiswahili ni jengo na pia ni jumuiya ya waumini, kwao lilibaki na maana ya pili peke yake.

Suala hili limepata uzito mpya tangu mwaka 2023, ilipofukuliwa zaidi ya miili 400 katika msitu wa Shakahola, nyuma ya Malindi. Wapo wanaohitimisha kwamba imani isiyosimamiwa na taasisi huishia msituni. Lakini mkasa ule haukuwa wa watu walioachwa huru na imani zao. Ulihusu wafuasi wa mhubiri na kambi iliyokuwa vigumu kutoka. Fuladoyo nayo ilikuwa kijiji cha porini chenye kiongozi. Tofauti ni kwamba watu walikimbilia humo ili waishi. Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa umbali kutoka mlangoni mwa kanisa. Kipimo kilicho karibu zaidi ni hali ya yule anayetaka kuondoka.

Kwa mtazamo huu Uhuru wa Watumwa hakipungui thamani, bali kinasomeka kwa tahadhari. Kilitolewa London na Sheldon Press, tawi la shirika la uchapishaji la Kikristo. Mwandishi aliyelelewa Freretown, akichapishwa na nyumba kama hiyo, hangeweza kwa urahisi kumfanya mtoro muumini kamili. Watu wa Fuladoyo hawakupata Mbotela wao. Habari zao zimehifadhiwa zaidi katika barua za wamisionari, ambamo uongofu wao unashangiliwa katika ukurasa mmoja, na ukarimu wao kwa watoro unalalamikiwa katika ukurasa unaofuata.