Mke au Mjane? Ushuhuda wa Wanawake na Mpaka wa Falsafa

Katika Sage Philosophy (1990), Henry Odera Oruka alikanusha dai kwamba fikra za kifalsafa hazikuwako Afrika pasipo maandishi. Alimtofautisha mzee anayehifadhi hekima ya jamii na yule anayeihoji. Mchango huo ni mkubwa. Hata hivyo, karibu wote waliohojiwa humo ni wanaume. Hapana budi tuulize: je, wanawake hawakuhoji, au hawakusikilizwa?

Tuangalie jirani na Lwakhakha, katika Mlima Elgon. Tangu 2006 hadi 2008 wapiganaji wa SLDF waliua na kuteka watu huko. Machi 2008 jeshi la serikali liliingia, nalo likalaumiwa kwa mateso na kwa wanaume waliotoweka mikononi mwake. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka huo iliitwa All the Men Have Gone, yaani wanaume wote wameondoka. Wanawake walibaki kusimulia, na maneno yao yakapokewa kama ushahidi. Hayakupokewa kama fikra.

Tuchukue neno moja tu: mjane. Mjane ni aliyefiwa. Je, yule ambaye mumewe alichukuliwa asirudi, wala hana kaburi la kumwonyesha mwanawe, aitweje? Sheria ya Kenya huruhusu asiyesikika kwa miaka 7 adhaniwe kuwa amekufa. Sheria imejibu kwa hesabu. Mwanamke anayeuliza kama yeye ni mke au mjane hatoi habari tu. Anahoji maana ya ndoa na ya kifo. Kuhoji huko ndiko alikokutafuta Oruka.

Ulaya nayo ina mfano. Babake Sarah Kofman, aliyekuwa rabi, alikamatwa Paris tarehe 16 Julai 1942, akafia Auschwitz. Bintiye akawa mwanafalsafa, akaandika vitabu vingi juu ya Nietzsche na Freud. Alimtaja babake katika kitabu cha 1987, lakini masimulizi ya utoto wake, yanayoanza na kalamu aliyoiacha baba huyo, hayakutoka hadi 1994, mwaka aliofariki. Hata kwake aliyekuwa na cheo cha chuo kikuu, kumbukumbu ya nyumbani ilikawia kuingia katika maandishi.

Basi sisi tukusanyao masimulizi Bungoma tusimwulize bibi yaliyotokea tu, kisha tukafunga daftari. Tumwulize pia anayaonaje, na jibu lake tulijadili kama hoja.